Karafuu Zilizofika Bukhara

Mwanaasha Ngwali aliporudi kutoka Uzbekistani, watu wa mtaa wake, Madungu kisiwani Pemba, walikuwa na swali moja tu, nalo halikuhusu viwanda wala pamba. Walitaka kujua kama huko nako watu hula pilau.

"Hula," akawajibu. "Tena wao wanajidai kwamba pilau ni yao."

"Haya! Na ikoje?"

"Tamu. Ina nyama ya kondoo, ina karoti tele, ina zabibu kavu. Lakini haina karafuu."

Baraza nzima ikaangua kicheko. Mtu wa Pemba ukimwambia kuna nchi ambayo jua halichomozi, atakusikiliza mpaka mwisho. Ukimwambia kuna pilau isiyo na karafuu, atakuuliza kama safari hiyo ulikwenda kweli. Mzee Mjaka, ambaye hakuwa na jino hata moja la kutafunia pilau yoyote, alitikisa kichwa kwa huruma.

"Maskini wale," akasema. "Na ujuzi wote ule wa kurusha watu mbinguni."

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu, Mapinduzi yametimiza miaka tisa. Wanawake wanne wa visiwani walikuwa wamechaguliwa kwenda kutembezwa siku ishirini katika miji ya Tashkenti, Samarkandi na Bukhara, siku hizo ikiwa chini ya Urusi, wakaone maendeleo ya wanawake wenzao. Watatu walitoka Unguja. Wa nne alitakiwa atoke Chake Chake, na bahati ikamwangukia Mwanaasha, mjane wa miaka thelathini na minane, mshona kofia wa ushirika. Alijua kusoma na hakuwa na mtoto mchanga. Na kama alivyosema mwenyewe, aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha alipata mimba.

Alhamisi kabla ya safari, Bi Zuweina Humoud aliwakusanya watoto wa chuo chake cha Kurani wakamsomea Yasini aende salama arudi salama. Chuo chenyewe kilikuwa sebule ya nyumba ya Bi Zuweina, hapo hapo Madungu, na Mwanaasha alifundishwa kusoma Kurani juu ya jamvi la sebule ile. Zamani babake Bi Zuweina alikuwa na mashamba ya mikarafuu, na babake Mwanaasha alikuwa mchumaji katika mashamba hayo. Mapinduzi yakaja, mashamba yakagawiwa watu eka tatu tatu, na Mwanaasha hakulia. Bi Zuweina naye hakulia, au kama alilia hakuna aliyemwona. Alibaki na nyumba, na jamvi, na watoto arobaini waliokuja kila asubuhi, wa waliochuma na wa waliochumiwa, akiwachapa sawasawa.

Na safari Mwanaasha aliifurahia, mtu asikudanganye. Tashkenti ilikuwa imejengwa upya baada ya tetemeko la ardhi, barabara zake pana kama kiwanja cha mpira, na penye njia panda maji yanarushwa juu bure, hayamnyweshi mtu wala hayafulii nguo. Aliona mwanamke mnene wa makamo akiendesha tramu, treni inayopita katikati ya barabara za mji, kavaa gauni la maua, na hakuna aliyestaajabu isipokuwa yeye. Aliona hospitali ambayo madaktari wake ni wasichana. Alipoambiwa kwamba bibi zao wasichana wale hawakujua hata kusaini majina yao, alitamani awabebe wote awalete Chake Chake. Mkalimani wao alikuwa kijana wa Kirusi aliyejifunza Kiswahili kitabuni, akimwita kila mtu ndugu na kusema tafadhali kila baada ya maneno matatu, hata pale anapokataza.

Samarkandi walisimamishwa katikati ya uwanja wenye vyuo vitatu vikubwa vya zamani, vimeelekeana, milango yake mirefu kuliko minazi, kuta zimevikwa vigae vya buluu juu mpaka chini. Wenzake walipiga picha. Mwanaasha alisogea mpaka pua ikakaribia ukuta, kwa sababu mshona kofia hawezi kuona nakshi akaipita. Akahesabu: nyota, fundo, nyota, fundo, na kwenye pembe nakshi inageuka bila kukatika, pale pale ambapo mshonaji mchanga huharibu. Akamheshimu aliyeifanya kazi ile, mamia ya miaka iliyopita, kuliko alivyowaheshimu wafalme wote aliowataja mkalimani. Kisha akauliza wanafunzi wako wapi.

"Wanafunzi hakuna, ndugu, tafadhali. Hii ni makumbusho."

Mwanaasha alitazama vyumba vile vidogo vidogo, kimoja baada ya kimoja, akaona vyote vimefagiliwa safi na hakuna hata doa moja la wino.

Siku ya tatu tangu arudi nyumbani, akaja Bwana Othman. Alikuwa katibu wa kamati ya mtaa, kijana wa miaka thelathini na kitu, mchapa kazi, suruali imenyooshwa, viatu vyeusi vya kamba vinang'aa. Hakuanzia kwa Mwanaasha. Alianzia kwa Bi Zuweina, akaingia bila hodi, akakanyaga jamvi na viatu vyake, akaipima sebule kwa futikamba mbele ya watoto. Alipomaliza akatia alama ya chaki mlangoni. Na yeye alisomea pale pale. Aliondoka akiwa na miaka tisa, hajaimaliza hata juzuu ya Amma ambayo ndiyo watoto huanzia, siku alipochapwa kwa kuiba embe, na hakurudi tena.

Kutoka hapo ndipo akavuka njia hadi kwa Mwanaasha.

"Pole na safari, dada. Ijumaa baada ya alasiri pana mkutano, hapo hapo nje ya chuo. Utasoma ripoti hii."

Zilikuwa kurasa mbili zilizopigwa taipu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kweli: treni, hospitali, wasichana madaktari. Ukurasa wa pili ulisema kwamba katika nchi ile rafiki vyuo vya zamani vimegeuzwa maghala na makumbusho, na wananchi wenyewe wamefurahi kwa kuwa wameondokana na ujinga. Kwa hiyo wananchi wa Madungu nao wanaombwa waitoe nyumba ya chuo iwe ghala la ushirika.

"Hii mie sikuiona," Mwanaasha akasema.

"Hukuyaona maghala?"

"Maghala nimeyaona. Hao waliofurahi ndo sikuwaona."

Bwana Othman akaketi. "Sikiliza, dada. Mvua ikinyesha karafuu za ushirika zinaoza. Tunataka ghala. Na nyumba ile ilijengwa kwa jasho la nani? La babako. Leo weye ndo wa kuitetea?"

Neno hilo lilimchoma Mwanaasha, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Babake alikufa mgongo umepinda.

"Na watoto watasoma wapi?" akauliza.

"Skuli ipo."

"Skuli wanakwenda. Mie nauliza chuo."

Bwana Othman akapangusa kiatu chake kwa kidole, kisha akasema kwa upole, na upole ule ndio uliotisha: "Pana jambo jengine. Mwenzenu mmoja wa Unguja, Maryamu, kasimulia ofisini huku anacheka, kwamba pana mtu alitia karafuu katika sufuria ya watu huko Bukhara. Karafuu hizo zilitoka wapi?"

Mwanaasha mwenyewe ndiye aliyemsimulia Maryamu ndani ya ndege, wote wawili wakicheka mpaka machozi. Ilikuwa konzi moja tu, ya kujaa kiganja. Mwanamke wa Pemba akisafiri hufunga karafuu kwenye pindo la kanga, za jino, za tumbo, za kunusa chombo kikiyumba. Bibi yake alifanya hivyo, mama yake alifanya hivyo, na yeye alipokuwa anafunga mizigo mkono ulifunga karafuu wenyewe bila kuiuliza akili. Lakini siku hizo karafuu ilikuwa mali ya serikali, mpaka ile iliyodondoka chini ya mti, na kuivusha bahari bila ruhusa kulikuwa magendo. Watu walikuwa wamefungwa kwa magendo, tena watu anaowajua.

"Soma karatasi," Bwana Othman akasema akiinuka, "na mie hizo karafuu sikuzisikia."

Mwanaasha aliogopa. Hakuna haja ya kuficha. Alikwenda kwa Bi Zuweina, akamweleza yote. Bi kizee alisikiliza huku akichonga kalamu ya mwanzi, hakuinua macho.

"Soma karatasi yao, mwanangu. Nyumba ni mawe na chokaa. Mashamba yalikwenda, mie sikufa."

"Bi, usinambie hivyo."

"Nikwambieje? Ukafungwe kwa ajili yangu?"

Akarudi kwake amekasirika, asijue amemkasirikia nani zaidi, Othman kwa kutisha au Bi Zuweina kwa kukubali. Akaichukua kofia aliyokuwa anaishona, akavaa subana kidoleni ili sindano isimchome. Subana ile haikuwa yake. Ilikuwa ya shaba, imekwaruzika kwa kazi ya miaka mingi, na ilitoka Bukhara. Nayo ilikuwa amana ambayo alikuwa bado hajaitekeleza.

Jina la Bukhara kila aliyekaa chuoni analijua, kwa ajili ya imamu wa hadithi aliyezaliwa huko. Mwanaasha alilisikia tangu utotoni, lakini hakuwahi kufikiri kwamba ni mahali ambapo mtu anaweza kufika akaumwa miguu. Mji wote ni rangi ya udongo, na katikati yake pana mnara wa matofali ambao hata wavamizi waliobomoa kila kitu, inasemekana, waliuonea haya wakauacha. Adhuhuri iliwakuta kwenye hodhi kubwa la maji, ngazi za mawe zinashuka mpaka majini, miforosadi imelizunguka, wazee wamekaa juu ya vitanda vya mbao wakinywa chai.

Hapo ndipo Mwanaasha alipofanya kosa ambalo ni mtu wa kwao tu angelifanya. Aliona vyuo vya zamani huku na huku, hodhi katikati, jua la adhuhuri kichwani. Akavua viatu, akapandisha mikono ya gauni, akashuka ngazi, akaanza kutawadha.

Alipofika miguuni akasikia kimya. Wazee wameshikilia vikombe hewani. Watalii wa Kizungu wanampiga picha. Mkalimani anateremka mbio akisema tafadhali, tafadhali, tafadhali. Kabla hajamfikia, mwanamke mmoja wa miaka hamsini na kitu, ufagio mkononi, kitambaa cha maua kichwani, alimdaka Mwanaasha mkono. Akamfanyia mkalimani ishara ya tumbo, yaani mgeni amebanwa, anataka choo, akamvuta kwenye kichochoro. Huyo alikuwa Saodat.

Saodat alifungua kufuli ya nyumba moja iliyojaa mazulia yaliyoviringwa mpaka darini, wakaingia, akafunga mlango kwa ndani. Akatandika shali yake baina ya mazulia, akaelekea Kibla. Kwao Pemba Kibla iko kaskazini. Hapa ilikuwa upande wa kusini na magharibi, na ni hilo lililomfahamisha Mwanaasha amefika mbali kiasi gani. Wakaswali bega kwa bega.

Lugha hawakuwa nayo, lakini maneno walikuwa nayo. Saodat aligusa shubaka tupu ukutani. "Kitob," akasema. Akaonyesha sakafu, akapima kwa mkono vimo vya watoto, huyu, na huyu, na huyu, akashika nywele zake: wasichana. Akajigusa kifua, akabembeleza mtoto wa hewani, akasema, "Muallima." Mwanaasha akafahamu. Mama yake alikuwa mwalimu. Sebule hii ilikuwa chuo cha wasichana, mpaka ilipochukuliwa ikafanywa ghala, na binti wa mwalimu akapewa kazi ya kulifagia. "Vafot," Saodat akasema, na hilo nalo halikutaka mkalimani, maana wafu ni wafu. "Khatm," akamalizia, akatikisa kichwa, akafungua viganja vitupu. Mwalimu amekufa, na hakupatikana mwanafunzi wa kuthubutu kumsomea hitima, Kurani nzima ya kumwombea marehemu.

Mwanaasha alilia palepale. Kwao hata mlevi husomewa hitima.

Palikuwa na kisufuria cha pilau, chakula cha mchana cha Saodat. Akampakulia mgeni. Mwanaasha akaonja, akatafuna, akaitafuta karafuu, hakuiona. Akafungua pindo la kanga ili amtilie, kama vile unavyomtilia jirani chumvi. Saodat alipoinusa harufu ile akaziba mdomo kwa kiganja. Akapitisha kidole shingoni mwake, mara mbili, mara tatu, mpaka Mwanaasha akaelewa: mama yake alikuwa akivaa karafuu zilizotungwa uzi, kwa ajili ya harufu. Mwanaasha akazitazama zilizokuwa mkononi mwake. Miaka hiyo karafuu ya dunia ilitoka wapi zaidi ya kwao? Huenda mkono wa babake ndio ulioichuma ile iliyokaa shingoni mwa mwalimu wa Bukhara, na yeye babake akafa bila kujua.

Akamwachia zote. Tatu zikaingia kwenye sufuria, zilizobaki Saodat akazifunga kwenye leso. Naye akatoa mfukoni subana ya mama yake, ambaye alikuwa akishona kofia huku akisikiliza watoto wanasoma, akamvisha Mwanaasha kidoleni. "Oysha," akasema. Ndilo jina la marehemu: Oysha binti Rahim. "Khatm." Oysha, Asha, Mwanaasha. Alikuwa amekabidhiwa hitima ya somo yake, mwenye jina kama lake. Akaweka mkono kifuani, akaahidi.

Ijumaa watu walijaa mbele ya chuo cha Bi Zuweina, wanaume kwenye majamvi, wanawake barazani. Alama ya chaki ilikuwa bado mlangoni. Bwana Othman alihutubia kwanza, akataja ghala mara saba. Kisha akamwita Mwanaasha.

Ukurasa wa kwanza aliusoma kwa sauti kubwa na kwa furaha, kwa sababu ulikuwa kweli. Alipofika kwa mwanamke anayeendesha treni wanawake walipiga vigelegele, na Mzee Mjaka akauliza nani anampikia mumewe, akaambiwa anyamaze. Alipowataja wasichana madaktari, mama mmoja akasema amin. Halafu Mwanaasha akaikunja karatasi.

"Ukurasa wa pili siusomi."

"Soma, dada," Bwana Othman akasema.

"Siusomi. Una uongo. Na kwa kuwa Bwana Othman kaniahidi kwamba nikiusoma hatozisikia karafuu zangu, nazisema mwenyewe mzisikie nyote. Nilitoka hapa na konzi ya karafuu katika pindo la kanga. Sikuuza hata moja. Nimempa mwanamke mwenzangu aliyenilisha. Kama ni magendo, mtu mwenyewe ndo mie, nyumba yangu mnaijua, na mlango haufungwi."

Wanawake barazani wakatazamana. Kisha Bi Masika, mkunga wa mtaa, akafungua pindo la kanga yake mbele ya watu, karafuu zikamwagikia mapajani.

"Mie hizi hapa," akasema. "Na Jumatatu n'nasafiri kwa mwanangu Unguja. Basi nifungeni na mie."

Wakacheka watu, na kicheko kile kilimpa Mwanaasha pumzi. Bwana Othman alisogea amnyang'anye nafasi. Mwanaasha hakumpisha.

"Mashamba yaligawiwa, na mie nilishangilia, maana jasho la baba yangu lilikuwamo. Wala leo sisemi yarudishwe. Lakini alif, be, te hazikuwa za mabwana shamba! Ni zangu. Nimezilipia kwa magoti na kwa fimbo juu ya jamvi hili. Na weye Othman, hata ukizikimbia, ni zako. Huko nimeliona hilo ghala. Lilikuwa chuo kama hichi, na binti wa mwalimu ndo analifagia. Hakufurahi. Mie nimemwona machozi yakwe. Jina lakwe silitaji. Nalitaja la mamake, kwani marehemu hafukuzwi kazi. Oysha binti Rahim, mwalimu wa Bukhara, kafa hajasomewa hitima. Nimepewa amana yakwe nikaichelewesha kwa woga. Basi leo, hapa hapa, mbele ya mlango wenye chaki, naitoa. Al-Fatiha!"

Mtu wa Pemba anaweza kukataa amri, anaweza kukataa cheo, lakini ikiitwa Fatiha viganja hufunguka vyenyewe. Vikafunguka majamvini, vikafunguka barazani, na mvumo wa watu wote ukawa mmoja. Bwana Othman naye alikuwa amesimama, karatasi zimebanwa kwapani, viganja mbele ya kifua, midomo inakwenda. Alipozindukana walikuwa wamekwishafika kwenye amin, na aliipokea pamoja na wenziwe.

"Mkutano haujafungwa," akasema haraka, akishusha mikono.

"Ndiyo, haujafungwa," Mzee Mjaka akamjibu. "Fatiha ni mlango tu. Mtu kaombewa hitima."

Bi Zuweina alikuwa amekwishatoka nje. Alibeba sanduku la mbao lenye juzuu thelathini, kila moja katika jalada lake, kama zinavyotolewa akifa mtu. Hakumwangalia Bwana Othman. Akapita kwa watu mmoja mmoja, mikono ikanyooshwa, walio na udhu wakapokea. Wachumaji walipokea, na wajukuu wa waliochumiwa walipokea, na Bi Masika akafunga tena pindo lake ili apate mkono wa kupokelea. Mwanaasha alipopewa ya kwake, bi kizee alimshika kidole chenye subana akakibana.

Hitima ina desturi yake. Kila juzuu na msomaji wake, na dua haiombwi mpaka zote thelathini zimesomwa. Zikashikwa ishirini na tisa. Ya thelathini, juzuu ya Amma, kila mtu pale alikuwa anaijua kwa moyo na angeliweza kuisoma, lakini Bi Zuweina hakumpa mtu. Alikwenda nayo mpaka ukingoni mwa jamvi, akasimama mbele ya katibu wa kamati.

Mwanaasha alikuja kuyalipa maneno yake. Jumatatu aliitwa ofisini akahojiwa kutoka asubuhi hadi adhuhuri kwa ajili ya konzi ile, akatolewa ushirikani mwaka mzima, na jina lake halikuonekana tena kwenye orodha yoyote ya safari. Kila alipoulizwa kama anajuta alisema hajuti, na kwamba Bukhara amekwishafika, arudi kufanya nini. Ghala lilijengwa mwaka uliofuata, kwengine, kando ya barabara. Lakini hayo yalikuwa bado. Jioni ile hakuna aliyejua kitatokea nini, na watu ishirini na tisa walikuwa wamefungua juzuu zao mapajani, hawasomi, wanasubiri.

"Hino yako, Othman," Bi Zuweina akasema. "Hukuimaliza."

Bwana Othman akageuka akaitazama chaki mlangoni. Akawatazama watu. Sauti iliyomtoka haikuwa ya katibu.

"Bi, mie sina udhu."

"Mtungi umejaa. Na kata ipo."

Bwana Othman akamkabidhi Mzee Mjaka karatasi zake, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.